Hilo si bakajani, kuna kiwavi ndani ya jani

Nimeletewa tena jani la nyanya kutoka Kasese, na swali lile lile: "Bwana shamba, nimepulizia mankozebu mara tatu, mbona bakajani haiishi?" Haiishi kwa sababu haipo. Mankozebu ni dawa ya magonjwa ya ukungu kama bakajani. Anayekula jani lako ni Tuta absoluta, nondo wa kijivu asiyefikia sentimita moja, mzaliwa wa Amerika Kusini, aliyeingia Hispania mwaka 2006 na baadaye akatufikia Afrika Mashariki.

Kabla hujakwenda duka la pembejeo, inua jani ulielekeze kwenye jua. Doa la bakajani ni la kahawia, na asubuhi yenye umande huota utando mweupe kwa chini. Doa la Tuta hupitisha mwanga: nyama ya jani imeliwa, zimebaki ngozi mbili tupu, na katikati yake kuna kinyesi cheusi, mara nyingi na kiwavi mwenyewe. Ukiona mstari mwembamba unaojipindapinda kama uzi, bila kupanuka kuwa doa, huyo ni funza wa inzi Liriomyza. Naye wakulima wanamwita Tuta! Nasisitiza tofauti hii kwa sababu Liriomyza huishia janini, ilhali Tuta hutoboa hata shina na tunda.

Jike hutaga hadi mayai 260, moja moja. Kiwavi hupitia hatua nne, kisha wengi hushuka udongoni kuwa bundo, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo. Penye joto, mzunguko wote huchukua takriban mwezi. Kwa hiyo siku unayopulizia, shamba lina mayai, viwavi, mabundo na nondo kwa pamoja, na dawa ya kugusa, ile inayoua mdudu inapomgusa, haimfikii aliye kati ya ngozi mbili wala aliye udongoni.

Mitego ya feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, inafaa kukuonyesha kwamba nondo wameingia. Kwamba itawamaliza, nina mashaka: hunasa madume tu, na dume mmoja hupanda majike wengi. Mwaka 2012 watafiti Ubelgiji waliripoti hata majike wasiopandwa wakitaga mayai yaliyoanguliwa.

Majani yaliyotobolewa yachume mapema, uyafunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki) na kuliacha juani. Ukiyatupa ukingoni mwa shamba, viwavi humalizia kukua humo humo. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote, na mnavu unaoota pembeni uung'oe pia, maana Tuta huula.