Ua kwanza, vyumba baadaye

Nikipewa kiwanja cha kujenga fleti nane au kumi na mbili, mstari wa kwanza ninaouchora ni wa ua, ile nafasi wazi ya pamoja katikati ya jengo. Wenye mradi wengi hushangaa, maana wao wanahesabu vyumba. Lakini ukianza na vyumba, ua utakuwa pale palipobakia, na kwa kawaida palipobakia huishia kurundikwa vitu vibovu.

Naanza na upana. Jengo la sakafu tatu huwa na kimo cha mita 9 hivi, na jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli chake nacho kina urefu wa mita 9. Ua wa mita 6 basi utashinda kivulini muda mrefu. Penye baridi hautakaliwa. Penye jua kali kivuli hicho ni neema, ndiyo maana miji mingi ya kale ya nchi kame ilikuwa na nyua finyu. Lakini madirisha yakitazamana kwa mita 6, jirani anaona hadi kilichomo sahanini mwako. Kwa jengo la kimo hicho mimi hupenda mita 10 hadi 12. Kiwanja kikibana, nayapishanisha madirisha yasielekeane.

Fleti za chini zinahitaji ulinzi zaidi. Sakafu yake naiinua sentimita 45 juu ya ua, hivyo macho ya aliyeketi ndani yanakuwa karibu sawa na ya anayepita nje, na hakuna anayemchungulia mwenzake kutoka juu. Ukingo wa kimo hichohicho mbele ya mlango unatosha kukalia.

Jambo ninalolipigania kuliko yote ni njia. Zamani nilikubali ngazi ziwekwe upande wa barabarani ili watu wafike haraka kwenye maegesho. Ua ulipendeza sana kwenye michoro. Niliporudi baada ya mwaka, nyasi zilikuwa hazijakanyagwa. Wakazi hawakuuchukia, hawakuwa tu na sababu ya kuupitia. Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu na halikuweza kurekebishwa bila kubomoa.

Tangu hapo ngazi zote zinaanzia uani, na lango ni moja. Kamba za nguo, bomba na masanduku ya barua navyo naviweka kando ya njia hiyo. Ni watu wachache wanaotoka ndani kwa nia ya kuzungumza na jirani. Mtu anatoka kuanua nguo, anamkuta mwenzake akimfunga mtoto viatu, mazungumzo yanaanza. Madirisha ya jikoni yanatazama hapo, hivyo mzazi anapika huku akiwaona watoto. Hata hivyo njia yenyewe naipitisha ukingoni, na viti vinakaa pembeni yake, ili aliyechoka au mwenye huzuni aweze kusalimia tu na kupita. Nikimnyima nafasi hiyo, ataanza kuukwepa ua wenyewe.

Sauti nayo hudunda kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana. Roshani zenye kina na mimea huivunja.

Kisha maji. Ua wa mita za mraba 120 ukipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 6,000, bado ya paa. Ukiwa umezungukwa na jengo pande zote, maji hayatoki ila pale ulipoyaandalia. Natoa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mbali na kuta, na matundu mawili ya kutolea maji, maana moja likizibwa na majani lingine litafanya kazi. Na ili yakizibwa yote mawili maji yatokee langoni, njia ya lango lazima iwe chini kuliko vizingiti vyote.

Mwisho ni mti. Nauweka karibu na kona inayopigwa na jua la alasiri, katikati pabaki wazi kwa watoto. Maegesho hayachimbwi chini yake, hata nikiombwa vipi. Mizizi inataka ardhi yenyewe.