Usiogope maji ya kahawia: Kipini kwa jicho la mtu wa maji

Watu wakijua kazi yangu ni ya bahari, swali la kwanza huwa bichi gani nzuri niwapeleke watoto, na mimi nikijibu Kipini wananiangalia kama nimewatukana. Kipini? Si ndiyo ile maji yake kama chai ya maziwa? Ndiyo hiyo hiyo. Nimeenda huko mara nyingi kuliko Diani, kwanza kwa sababu ya kazi, halafu baadaye kwa kupenda tu, na leo nataka niwaeleze vizuri kwa nini maji yale yako vile, manake ukishaelewa hutayaona machafu tena.

Kipini iko pwani ya Kenya, pale Mto Tana unapomwagika baharini, kwenye ghuba ya Ungwana, ramani za zamani za wazungu zinaiita Formosa. Mji wenyewe mdogo, umekaa kwenye kona, upande mmoja mto upande mwingine bahari, na ukitoka mjini ukiuacha mto nyuma yako ukaelekea mashariki unakuta ufuo unaenda tu, hauishi, nyuma yake vilima vya mchanga na mbele mawimbi. Hakuna hoteli iliyokuzibia njia, hakuna askari wa geti wa kukuuliza wewe ni mgeni wa nani. Na si hisani ya mtu, Katiba ya 2010 kifungu cha 62 imesema wazi ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, tatizo kule kwingine ni kwamba ya umma ipo lakini kichochoro cha kuifikia kimejengewa ukuta. Kipini unaingia tu.

Sasa hiyo rangi. Tana unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unatembea kama kilomita elfu moja, na njia nzima unakokota udongo. Chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo mno, kwenye maji ya mto zinaelea kwa sababu zinasukumana, hakuna inayotaka kukaa na mwenzake. Zikifika kwenye chumvi ile tabia inakatika, zinaanza kushikana, mabonge mabonge, mazito, yanazama. Umewahi kukamulia maziwa ndimu? Ni kitu cha aina hiyo. Kwa hiyo tope lote linalotoka bara linatuliwa hapo hapo mlangoni, mawimbi yanalitibua tena, linashuka tena, ndiyo unaona kahawia. Ni mashamba ya watu wa Murang'a na Kitui yamefika mwisho wa safari, si majitaka. Na ndiyo sababu pia pale hakuna matumbawe. Mwamba wa matumbawe unaofuata pwani yetu kutoka kusini unakatika ukifika Malindi kwa sababu ya mto Sabaki, halafu Tana, unaanza tena kule visiwa vya Lamu, kwa kuwa matumbawe hayapendi tope wala maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hapo kwenye pengo ndipo bichi yetu ilipo.

Hata mchanga ni tofauti. Mchanga mweupe wa Diani ni matumbawe na kombe zilizosagika, ukiukamulia ndimu (hiyo hiyo ya maziwa) unatoa povu. Wa Kipini nimeujaribu mbele ya vijana fulani wakanicheka mpaka basi, umetoa povu kidogo tu la vipande vya kombe, mwingine wote umekaa kimya, kwa sababu ni mawe ya bara yaliyosagwa na mto. Ukiinama utaona mistari myeusi myembamba juu ya mchanga, kama mtu amechora na makaa. Hayo ni madini mazito, wimbi linabeba mchanga mwepesi linayaacha nyuma. Watoto wa pale wanachezea kwa sumaku ya spika mbovu, inanasa unga mweusi, ni burudani ya bure kabisa.

Lakini kitu kinachonirudisha kila mara ni maji yenyewe, haya ya chumvichumvi. Mara ya kwanza nilipelekwa na nahodha mmoja mzee, nilikuwa nimebeba vifaa vyangu vya kupima, betri ikaisha tukiwa katikati ya mlango wa mto, aibu tupu. Mzee akaniambia, "Mwanangu, ulimi huna?" Akachukua chupa ya soda, akaifunga kamba na jiwe, akaiziba kwa kizibo chenye kamba yake mbali. Kwanza akachota maji ya juu kwa kiganja, nikaonja nikatema: karibu baridi, chumvi kwa mbali kama mchuzi uliosahauliwa. Kisha akateremsha chupa mpaka ikagusa chini, akavuta kizibo, tukasubiri mapovu yaishe, akapandisha. Nikaonja. Bahari kavu kabisa! Boti ile ile, mahali pale pale, maji mawili. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, hiyo inaifanya nzito, kwa hiyo inaingia mtoni kwa chini ikitambaa kama ulimi, na maji ya mto yanatoka kwa juu yakiteleza. Mimi hilo nilisoma chuoni muhula mzima na michoro, yeye kanionyesha na chupa ya soda. (Tafadhali onja uteme, usinywe, mto huo umepita kwa watu na ng'ombe wengi.)

Wakulima wa Ozi, juu kidogo ya mlango, wameishi kwa elimu hiyo hiyo miaka na miaka. Maji ya bahari yakijaa yanauzuia mto, mto unapanda, na kinachopanda juu ni maji baridi, basi wanayaachia yaingie kwenye mashamba ya mpunga. Umwagiliaji bila pampu, mwezi ndio injini. Shida ni mto ukipungua nguvu, ule ulimi wa chumvi unapanda mbali zaidi na kinachoingia shambani si baridi tena, mpunga unaungua. Mto uko na mabwawa matano ya umeme huko juu, Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, na kuna ukame, na kuna wanaovuta maji njiani, kwa hiyo usishangae ukikaa na wazee wa pale mazungumzo yote yakawa ni chumvi imefika wapi mwaka huu. Halafu ghafla inakuja mafuriko kama ya 2024 na watu wanahama na mabati yao.

Nikiwa hapo huwa namkumbuka Fumo Liyongo, na wenyeji watakwambia kaburi lake liko kwao Kipini. Hadithi mnaijua, mwanawe alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, akaenda akapiga goti kisimani na upinde ameuvuta akafa vile vile, na watu wa mji wakaogopa kusogea wakidhani yu hai. Tukiwa shule tulisimuliwa kama hadithi ya ushujaa na usaliti. Lakini hebu isikilize ukiwa umekaa mahali ambapo mbele ni chumvi na kando ni chumvi nusu: maiti imekaa mlangoni pa maji baridi na mji mzima unakufa kiu. Kwangu ilibadilika hadithi nzima.

Basi ukitaka kwenda. Kutoka Malindi unapanda gari la Lamu, unapita Garsen, unashuka Witu, halafu kuna kama kilomita 20 na kitu za boda mpaka Kipini. Barabara hiyo ya Garsen kwenda Lamu ilishawahi kushambuliwa, kwa hiyo ulizia hali yake siku hiyo hiyo, uliza madereva, usitegemee habari ya mwezi uliopita, na safiri mchana.

La pili, angalia mwezi kabla hujaangalia kalenda ya likizo. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, inajaa saa kumi kuelekea kumi na moja, alfajiri na jioni, na inakupwa asubuhi saa nne tano. Kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Mimi na usomi wangu wote siku moja nilifika saa tano ya bamvua na suruali nyeupe, nikaamua kukata njia ya mkato karibu na mto, nikazama magotini, ndala moja mpaka leo iko huko, labda kaa anailalia. Mama mmoja aliyekuwa anaosha nyavu akaniangalia akasema tu "pole dada, hapo hatupiti". Hakusema kabla, amesema baada.

Kuogelea: maji yakiwa yamejaa, na mbali na mlango wa mto. Hili nalisisitiza. Mlangoni kuna mkondo, maji yakianza kutoka yanakuchukua na hutaona chini kwa sababu ya tope, na zaidi Tana ina mamba na viboko ambao hawajali kwamba maji yana chumvi kidogo, wanateremka. Wenyeji wakikwambia leo usiingie usibishane nao. Wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, ufuo unaangalia kusini moja kwa moja kwa hiyo mawimbi yanapiga kweli, hapo ni kutembea tu na kushika kofia, na upande wa mjini utaona bahari inavyokula ardhi, mizizi ya minazi inaning'inia. Mimi napenda wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, mwezi wa pili hivi, mto uko chini, tope limetulia, rangi inakaribia kijani.

Na kula. Kamba wa Kipini, jamani. Kamba wakubwa wanataga baharini, vifaranga vyao vinaingia kwenye haya maji ya chumvichumvi na mikoko kwa sababu kuna chakula na giza la kujifichia, vikikua vinarudi nje. Kwa hiyo lile tope unalolikimbia ndilo lililomlea kamba unayemtamani. Ndiyo maana meli za kuburura nyavu zilileta ugomvi mkubwa na wavuvi wadogo hapa, mpaka 2006 zikasimamishwa kwa miaka kadhaa. Nunua asubuhi boti zikirudi, mtafute mama mmoja akupikie kwa nazi na wali, mkubaliane bei kabla, na umpe muda, hapo si mgahawa. Ukikosa kamba chukua mkizi, naye ni samaki wa maji haya haya mchanganyiko, na ukikaa ngalawani jioni utaona ule msemo wa hasira za mkizi furaha ya mvuvi si mapambo, wanaruka wenyewe kweli, mmoja alinipiga begani akaangukia ndani ya boti na nahodha hata hakugeuka, alinyoosha mguu tu akamkanyaga mkia.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na ndala usizozipenda. Kivuli ufuoni hakuna.