Hali ya kizamani ya kivinjari: maana yake

Hali ya kizamani (quirks mode) ni pale kivinjari kinapochora ukurasa kwa kuiga makosa ya vivinjari vikongwe, hasa Internet Explorer (IE) 5 ya Windows, ili kurasa zilizoandikwa enzi hizo zisivurugike. Hakisubiri kuambiwa. Kikikuta <!DOCTYPE html>, mstari unaotangaza aina ya ukurasa, mwanzoni mwa faili, hufuata kanuni sanifu. Kikiikosa, hurudi zamani.

Kilichoumiza zaidi, katika IE za zamani, ni vipimo vya visanduku vinavyobeba sehemu za ukurasa. Fikiria kisanduku kama kanga ya Biashara Street: ina mji katikati na pindo kuuzunguka. Kwa CSS sanifu (CSS ni lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), width, yaani upana, hupima mji peke yake, kisha nafasi ya ndani (padding) na pindo (border) huongezwa juu yake. IE 5 ilipima kanga nzima. Basi kisanduku cha pikseli 200, chenye nafasi ya 20 na pindo la 2 kila upande, sanifu kitafika 244. Katika hali ya kizamani ya IE hizo kitabaki 200, na maandishi yabanwe kwenye 156. Panga visanduku vitatu vya namna hiyo katika safu ya 600: kizamani vinaenea sawasawa, sanifu vinadai 732, na cha tatu kinaanguka chini. (Kusema haki, kipimo cha IE kilikuwa na akili. CSS yenyewe ilikuja kukikubali kwa hiari: box-sizing: border-box.)

Mtego uliowachosha wengi ulikuwa wa IE 6, ya mwaka 2001. XHTML, namna ya HTML inayofuata kanuni kali za XML, inaruhusu mstari wa <?xml … ?> utangulie DOCTYPE, na mkaguzi wa msimbo huupitisha bila neno. IE 6 ilipouona tu, iliangukia hali ya kizamani. Dawa ilikuwa kuufuta na kuhifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), kwani hapo mstari huo si wa lazima. IE 7 ililirekebisha hilo, lakini maoni ya msimbo (<!-- … -->) yaliyowekwa juu ya DOCTYPE yaliendelea kuleta balaa hadi IE 9. Hata leo, onyo la PHP (lugha inayoandaa ukurasa kwenye seva) likichapwa kabla ya DOCTYPE, kivinjari chochote kitarudi zamani.

Marekebisho ya IE pekee yaliwekwa ndani ya <!--[if lt IE 7]> … <![endif]-->. Vivinjari vingine huyaona ni maoni tu, hivyo msimbo unabaki halali. IE 10 iliacha kuyasoma.

Ukitaka kujua ukurasa wako uko wapi, fungua konsoli (dirisha la amri katika zana za kivinjari) uandike document.compatMode. CSS1Compat ni sanifu; BackCompat ni kizamani, na kosa litafute juu kabisa ya faili kabla hujagusa CSS.