Mbwa akitikisa kichwa baada ya kuogeshwa, si lazima masikio yawe machafu

Umemwogesha mbwa, umempunguza manyoya, umemsafisha masikio. Jioni anatikisa kichwa na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Wengi hapo husema, "Bado kuna uchafu," wakarudi na kijiti cha pamba na spiriti. Ndipo mambo yanapoharibika.

Mfereji wa sikio la mbwa haukunyooka kama wetu. Unashuka wima, kisha unakata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L. Kijiti hakipiti kona hiyo, kinashindilia nta chini tu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo huichoma ngozi iliyokwisha kuchubuka. Na zile nywele za ndani ya sikio ulizonyofoa kwa vidole? Kila moja huweza kuacha kidonda kidogo. Mara nyingi muwasho umetoka mkononi mwako. Nta kidogo ya kahawia hafifu, kwa taarifa yako, ni ulinzi.

Basi mwache. Kausha sehemu ya nje kwa pamba, maana unyevu hulea fangasi na bakteria, kisha usiguse tena. Wekundu mdogo kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Ukiona harufu mbaya, usaha, kichwa kimeinama upande mmoja au sikio limevimba kama kimto, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wala usimtie matone yaliyobaki ya zamani: ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa huweza kumfanya kiziwi.