Klei haiondoi mikwaruzo ya gari
Wengi wanadhani ukipitisha klei, kile kibonge laini kama udongo cha kusafishia rangi ya gari, kwenye bodi basi mikwaruzo inaisha na rangi inakuwa imelindwa, hapana jamani. Klei kazi yake ni kung'oa uchafu uliogandia ambao sabuni imeshindwa, yani chembe za chuma za breki, utomvu wa miti, lami, ile hali gari imeshaoshwa lakini ukipitisha mkono unasikia kama msasa. Tena inaondoka na waksi ya zamani, kwa hiyo rangi inabaki uchi kabisa, usipopaka waksi mpya kazi bure. Na usiipitishe kavu, weka maji ya shampuu iteleze, la sivyo mikwaruzo unaichora wewe mwenyewe. Ikidondoka chini tupa tu, mchanga ukishanasa hautoki.