Dhana potofu kuhusu bendi ya Journey, na ukweli wake

Wapo wanaoamini kwamba Journey, bendi ya roki ya Marekani, ilianzishwa na mwimbaji Steve Perry, kwa kuwa sauti yake ndiyo waliyoisikia kwanza. Bendi hiyo iliundwa San Francisco mwaka 1973, ikiwakusanya mpiga gitaa Neal Schon na mpiga kinanda Gregg Rolie, waliotoka katika bendi ya Santana. Perry alijiunga mwaka 1977, baada ya albamu tatu ambazo Rolie ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu na ambazo zilijaa vipande virefu vya ala vyenye ladha ya jazi. Hazikuuzika vya kutosha. Mlango wa mafanikio ulifunguliwa na albamu ya Infinity ya mwaka 1978.

Dhana nyingine ni kwamba “Don’t Stop Believin’” ulitikisa chati kuliko nyimbo zao zote. Ulipotoka mwaka 1981 uliishia nafasi ya 9 nchini Marekani, ilhali “Open Arms” ulifika nafasi ya 2 mwaka uliofuata. Umaarufu wa leo wa “Don’t Stop Believin’” umechangiwa sana na televisheni, hasa pale ulipotumika kufungia tamthilia ya The Sopranos mwaka 2007. Kinanda kinachoufungua ni cha Jonathan Cain, mrithi wa Rolie, ambaye mchango wake, kwa maoni yangu, hutajwa kwa uchache mno.

Linalopotoshwa zaidi ni kuondoka kwa Perry, ambaye husemwa kuwa alitimuliwa ili Arnel Pineda wa Ufilipino achukue nafasi yake. Perry mwenyewe alijitenga mwaka 1987 kwa uchovu, akarejea kurekodi Trial by Fire ya mwaka 1996, kisha akaumia nyonga na kusita kufanyiwa upasuaji, hadi wenzake walipoamua kuendelea mwaka 1998 wakiwa na mwimbaji Steve Augeri. Akafuata Jeff Scott Soto, kwa muda mfupi. Pineda alipatikana mwaka 2007, Schon alipomwona YouTube akiimba na bendi yake. Wala Perry na Pineda si mahasimu: Journey ilipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll mwaka 2017, Perry alimsifu Pineda jukwaani, na aliyeimba usiku huo ni Pineda.

Kuhusu madai kwamba Journey imebaki jina tupu, gitaa la Schon limo katika kila albamu ya Journey, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1975 hadi Freedom ya mwaka 2022.