Sushi sio lazima iwe samaki mbichi

Wengi tunaamini sushi maana yake ni samaki mbichi, na kuna watu wanapanga safari ya Japani huku roho juu, watakula nini huko. Nawaelewa, picha nyingi za mtandaoni ndo zinaonyesha hivyo. Ila kinachoifanya iitwe sushi ni wali wenyewe, uliotiwa siki, sukari kidogo na chumvi. Samaki mbichi aliyekatwa vipande akaletwa bila wali, hiyo ni sashimi.

Kwa hiyo ipo ya yai, inaitwa tamago, ipo kappamaki ambayo ni tango tu na wali umeviringwa kwa mwani, na ipo inari, hii naipenda sana jamani, kifuko cha tofu (soya iliyogandishwa kama jibini) ya kukaanga kimelowa mchuzi mtamutamu halafu ndani kimeshindiliwa wali. Ila kama hugusi pombe ulizia kwanza kama wametia mirin, ni mvinyo mtamu wa mchele na kwenye yai na inari hutumika sana.

Ukitaka kuhakikisha fungua menyu ya mgahawa wowote wa sushi, mara nyingi utakuta sashimi ina sehemu yake, au ukifika onyesha kidole uulize "nama desu ka?", yaani hii ni mbichi?